Bibi Alipokataa Kumwacha Askari

Vumbi likiungulia ndani ya plastiki yenye moto hutoa harufu yake. Juzi niliisikia kwa fundi wa televisheni hapa Masasi, nikashindwa kuondoka dukani. Ilikuwa harufu ya mashine ya gemu aliyotuazima mjomba, nyumbani kwetu Mkomaindo, nilipokuwa na miaka kumi na moja. Sharti lake lilikuwa moja: Jumapili jioni anaichukua.

Jumapili yenyewe ilipofika nilikuwa nimebakiza kipande kidogo tu nimalize. Niwaambie ukweli, sikuwa mtoto mpole. Nilikuwa na kisirani, na aliyekatiza mbele ya televisheni alikiona. Niliyemvumilia ni bibi, mama yake mama, aliyekuwa ameshuka kutoka Newala kutibiwa mguu. Bibi alikuwa hodari wa hadithi, ila lazima umwitikie. Ukinyamaza, naye ananyamaza. Kwenye gemu mambo yaligeuka. Mimi ndiye niliyesimulia: askari wawili, marafiki, wanatoroka vita. Bibi akimenya karanga na kuitikia, "Eeh. Eeh."

Alasiri rafiki mmoja akapigwa risasi, akafa. Mshale ukatuelekeza mbele, tuvuke mto. Mama akaniita nikateke maji, nikamwachia bibi padi ya kuchezea aishike tu.

Niliporudi nilimkuta ameshuka kitini. Alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, kanga kichwani, kama tukaavyo msibani. Sijui alibonyeza nini, lakini askari alikuwa amerudi nyuma, amesimama kando ya maiti.

"Bibi, huyo keshakufa. Inatakiwa tuvuke."

"Tunamwacha na nani?"

"Hakuna mtu, bibi. Ni gemu."

"Basi tukae mpaka watu waje. Maiti haachwi peke yake."

Cha ajabu, gemu haikumkataza. Hakuna aliyepiga risasi. Ulisikika upepo tu, na askari akihema. Bibi aliangalia muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Kaka yangu Ntendele, siku ile tunavuka Ruvuma..."

Akanyamaza, akanitazama. Alikuwa anangoja niitikie.

Mimi nilitazama saa ukutani. Mjomba alikuwa njiani. Nikampokonya bibi padi mkononi, nikamvusha askari mto. Bibi hakunigombeza. Alijikongoja akarudi kitini, akaendelea na karanga zake. Nilimaliza gemu, nikashangilia peke yangu.

Bibi alifariki nikiwa kidato cha kwanza. Kwenye msiba wake kule Newala nilimuuliza mama habari za Ntendele. Mama alishangaa nimelitoa wapi jina hilo. Alichojua yeye ni kwamba bibi alikuwa na kaka, na walipokimbia vita Msumbiji huyo kaka alibaki njiani. Amelala wapi, alizikwa au hakuzikwa, hakuna anayejua. Bibi hakuwahi kumwambia mtu, hata wanawe.

Siku hizi mwanangu hubishana na baba yake kama gemu inaweza kusimulia kitu cha maana kama kitabu. Wakinitaka niamue, nasingizia chungu jikoni. Ningewajibu nini? Gemu ile ilimfikisha bibi mahali ambapo hakuna binadamu aliyewahi kumfikisha, ikatulia, ikamngoja aseme. Ingemngoja mpaka asubuhi. Mimi, mjukuu wake, sikumpa hata dakika tano.