Mkanda Nilioufungua Ili Kumwamkia Baba Mkwe

Aibu hii ni yangu na siikatai. Ninachokikataa, na nitakikataa hadi kaburini, ni uongo unaosimuliwa mpaka leo pale Singida Mjini kwamba eti niliogopa ndege nikamkumbatia mkwe wangu. Sikuogopa. Nilikuwa nikiamkia! Kumbukumbu ziwekwe sawa.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa, nami nilikuwa karani katika ofisi ya mkoa. Mzee Njiku wa Mwankoko, mwenyekiti wa kijiji kilichosifiwa kwa mtama, aliitwa Dar es Salaam kuwaeleza wenzake jinsi walivyolima, nami nikateuliwa kumsindikiza na kumbebea taarifa. Sasa fahamuni kwamba mzee huyohuyo ndiye baba wa Monika, binti niliyekuwa nimempelekea posa, na alikuwa ameahidi kutoa jibu akirudi safarini. (Mwenye akili angeomba ateuliwe mwingine. Mimi nilifurahi.)

Tulisindikizwa kwa ngoma hadi kiwanja cha ndege, kwenye kindege cha viti vichache, na katika zile pilikapilika na ule mngurumo wa injini nikajikuta nimeketishwa kiti cha mbele, mzee nyuma yangu, rubani ametufunga mikanda kwa mikono yake mwenyewe, ndege imekwisha kupaa, na mimi sijamwamkia mkwe wangu, tena nimempa mgongo! Mgongo, ndugu zangu, mtu ambaye jibu la posa yangu li mdomoni mwake!

Nikamsikia akipaza sauti: "Hivi vijana wa ofisini siku hizi hawana salamu?"

Nikaufungua mkanda.

"Ndugu, funga!" rubani akapiga kelele. "Mchana hewa ya juu ya mawe haya ni mbaya!"

Nikamjibu kwa utulivu wa kiofisi kwamba ni dakika moja tu, nikageuka, nikapiga magoti kitini, nikainama, nikanyoosha mikono yote miwili. "Shikamoo, baba!"

Hapo ndege ikaanguka. Sisemi iliyumba, ilianguka, kama ndoo iliyokatikiwa kamba kisimani, na kwa kuwa wenzangu waliofungwa walishuka pamoja na viti vyao, nilibaki juu peke yangu, kisogo kikagonga paa, kurasa za taarifa ya mtama zikatapakaa, kisha ndege ikatulia ghafla na mimi nikashuka kwa uzito wangu wote, kiwiko mbele, juu ya bega la Mzee Njiku. Nilisikia mfupa ukilia. Halafu nikatua mapajani mwake, mapajani mwa baba mkwe, viatu vikielekea dirishani!

"Shuka!" akanguruma.

"Nashuka, baba!"

"Unashuka wapi, mbona unazidi kupanda?"

Ndege ikadondoka mara ya pili nikamshika shingo. (Hapo ndipo lilipozaliwa hilo neno la kumkumbatia. Nakiri mikono ilikuwapo shingoni. Nia haikuwapo.)

Rubani akageuza. Watu kiwanjani walikuwa bado hawajatawanyika, na walipoona tunarudi wakadhani ni heshima ya ziada, wakazidisha ngoma, mpaka mlango ulipofunguliwa akatoka rubani bila mkwaruzo, akafuata mzee mkono ukining'inia, kisha mimi, damu shingoni hadi kwenye kola.

"Jamani, wamepigana huko juu!" mama mmoja akasema.

Monika alikuwa miongoni mwa waimbaji. Akakimbilia mbele. "Baba, nani kakuumiza?"

Mzee akaninyooshea kidole cha mkono uliobaki mzima. "Huyu. Alikuwa ananiamkia."

Kiwanja kizima kilicheka. Wapiga ngoma waliketi chini.

Mimi nilishonwa kisogo, mzee akafungwa bega, na habari za mtama wetu akaenda kuzisema mtu mwingine. Ndugu zake wakakutana Mwankoko, wakashauri posa irudishwe siku hiyohiyo. Niliketi mlangoni, kichwa kimefungwa bandeji, nikisikia kila neno, hadi mzee mwenyewe alipokohoa.

"Mpeni," akasema. "Aliyenivunja bega kwa heshima, nikimkasirisha atanivunja nini?"

Nilimwoa Monika, na kazi nimestaafu. Tangu siku ile sijafungua mkanda wa ndege kabla injini haijanyamaza, akae nyuma yangu mkwe, waziri au askofu. Akiona nimempa mgongo, auone. Tutaamkiana chini.