Kura ya Watani Pale Hale

Binti yangu hutazama besiboli ya Marekani kwenye simu, na sauti ya mtangazaji hujaa nyumba nzima hata nikiwa nje napepeta mchele. Juzi alinieleza kwamba huko, timu mbili zikilingana kwa ushindi na nafasi ya kuendelea ikawa moja, zamani zilicheza mchezo mmoja wa ziada. Siku hizi wanatazama nani alimfunga nani walipokutana. Nikamuuliza, na kama hapo nako wamelingana? Akasema kuna vipimo vingine. Nikacheka peke yangu, maana nilikumbuka kipimo chetu.

Nilikuwa darasa la tatu. Dada yangu Zaina alikuwa mfungaji wa timu ya netiboli ya kijiji chetu kule Handeni, msichana mrefu aliyenukia dawa ya kuchua kuanzia magotini hadi kwenye kanga. Mashindano yalifanyika Hale, nami nilifuatana nao, na nafasi ya kwenda nusu fainali mjini Korogwe ilibaki moja. Zaina aliitaka kuliko sikukuu. Alikuwa ameshaposwa, na baada ya mavuno asingecheza tena.

Tukalingana na Vugiri, timu ya Wasambaa kutoka mlimani. Pointi sawa, magoli sawa, na tulipokutana nao tulitoka sare. Nusu fainali ilikuwa kesho yake, hivyo hapakuwa na muda wa kurudia. Kamati ikaamua kura, ugomvi ukawa nani avute, kwani kila upande uliuona mkono wa mwenzake una hila. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye filimbi shingoni, akaumaliza.

"Nyie Wazigua na Wasambaa ni watani. Avute Msambaa. Mtani hanuniwi!"

Watu wazima wote wakaona ni haki tupu. Nahodha wa Vugiri akaingiza mkono kwenye sufuria, akatoa karatasi yenye jina la Vugiri.

"Rudini Handeni mkale bada, ugali wenu wa muhogo unawangoja!" akasema, kisha akamvua Zaina kanga ya mabegani na kujitanda yeye. Ndiyo desturi: mtani akikuchukulia kitu, unacheka.

Zaina akacheka hadi akashika mbavu. "Chukua, Msambaa wee, baridi ya mlimani itakuua!"

Mimi nilikasirika. Niliona kumbe hakuitaka ile nafasi, alikuwa anatusumbua tu na mazoezi yake. Njia nzima nilikaa mbali naye.

Kanga haikurudi, naye hakuidai. Miaka mingi baadaye, tukichambua mchicha nyumbani kwake, nilimuuliza kama kweli hakuumia siku ile. Nilikuwa mtu mzima tayari, na bado niliamini kuwa anayecheka hana kinachomuuma.

"Niliumia, mdogo wangu," alisema bila kuinua macho. "Lakini ningenuna, angenirudishia ile kanga. Nikaona bora aende nayo. Angalau kitu changu kimoja kifike Korogwe."