Uwele Uliobaki kwenye Ungo

Siku ile tulikuwa wanne: mimi niliye dada mkubwa wa nyumba; mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye fundi wa studio yetu; kitinda mimba wetu, binti aliyekuwa akingoja send-off, sherehe yake ya kuagwa kabla ya harusi; na mama mkubwa, dada yake marehemu mama, aliyeingia asubuhi kutoka kijijini na mfuko wa uwele kichwani. Jogoo wa jirani naye alikuwepo, mpaka tulipomfukuza kwa sababu ya maiki.

Studio ni neno kubwa. Ni stoo ya nyumba waliyotuachia wazazi huku Mkonze, Dodoma. Ukutani nimepigilia godoro kuukuu na vipande vya vitenge vinavyobaki nikishona, ili sauti isirudi. Wazazi walipofariki niliacha shule nikakaa kwenye cherehani, na wadogo zangu wakaendelea kusoma. Sasa cherehani iko sebuleni, kompyuta iko stoo, na sote wawili, mimi na fundi, tunasumbuliwa na vumbi lile lile.

Wateja wetu ni kwaya na wanafunzi wa vyuo. Mdogo wangu alikuwa akihangaika na programu ya muziki ya kuazima, akaona tuchague moja ya kwetu tujifunze hiyo hiyo. Alipakua mbili za kujaribu. Majina yake yalinishinda, nikaziita ya kijani na ya kijivu, kwa rangi zake. Zote zinafanya kazi ya MIDI. Ukibonyeza kibodi, kinachoingia kwenye kompyuta si sauti. Ni maelezo tu: umebonyeza noti gani, lini, na kwa nguvu kiasi gani. Ukitaka, maelezo yale yale yanapigwa kwa marimba, kwa filimbi au kwa ngoma, na programu inayapanga kwenye mistari yake.

"Neno la mwisho ni lako, dada," aliniambia.

"Mimi najua cherehani."

"Ndiyo maana. Ukielewa wewe, kwaya nzima itaelewa."

"Nashukuru kwa heshima."

Lakini mwenye haja kubwa siku ile alikuwa kitinda mimba. Mama alikuwa akisaga uwele huku amembeba mgongoni, akiliimbia jiwe la kusagia kwa Kigogo: harakisha, jiwe, mtoto asije akaamka. Mimi nilimwona na kumsikia. Yeye, aliyekuwa mgongoni, hakumbuki hata sauti. Alitaka kuingia ukumbini na wimbo ule, na mtu aliyebaki akiujua wote ni mama mkubwa. Tukakubaliana kwamba programu itakayoubeba ndiyo tutakayoichukua.

Tulimkalisha mama mkubwa kwenye kiti, tukamvisha hedifoni juu ya kilemba, tukamwomba asitikisike. Akasikiliza kidogo.

"Nani huyu anayegonga?"

"Ni kompyuta, mama mkubwa," alisema mdogo wangu. "Inakuhesabia usipotee."

"Nipotee wapi? Mwambie anyamaze, wimbo wenyewe haujui."

Tukaizima ile tiki-tiki. Akaimba mistari miwili, akaacha. Mikono yake ilikuwa ikisogea mapajani, mbele na nyuma.

"Umesahau?" aliuliza kitinda mimba, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sijasahau. Mikono haina kazi. Jiwe la mama yenu liko wapi?"

Jiwe lilikuwa nje, mlangoni mwa bafu. Mama mkubwa akatoka, akalitazama, akatutazama.

"Jiwe la mdogo wangu mnasugulia magaga?"

"Ni kaka huyu," alisema kitinda mimba.

"Miguu yako ndiyo inang'aa," alijibu kaka yake.

Nililisugua kwa maji ya moto, jua la Dodoma likalikausha kabla chai haijapoa. Tukalibeba stoo pamoja na mwana wake, lile jiwe dogo la kushika mkononi. Mama mkubwa akapiga magoti juu ya khanga, ungo wa uwele ubavuni, na kila alipoongeza konzi ya nafaka alimtania bibi harusi.

"Mikono laini hivi, utampa nini mume?"

"Huko niendako kuna mashine ya kusaga, mama mkubwa."

"Nayo inaimba?"

Kisha akaanza. Sitaeleza sauti ile, ila niliacha kushona kitu nilichokuwa nashona kwa mkono. Uwele ukiwa mzima aliimba polepole, ukianza kuwa unga wimbo ulikimbia, akitia konzi nyingine ukarudi nyuma. Alikuwa bado katikati mdogo wangu alipoinua mkono, kama anavyowafanyia wanakwaya.

"Inatosha, mama mkubwa. Tumepata."

Akaacha kusaga. Akautazama uwele uliobaki kwenye ungo, akajipangusa unga mikononi.

Tukaanza na ya kijani, ambayo mdogo wangu aliipenda kwa ngoma zake. Alipiga marimba kwa kibodi chini ya sauti, vizuri tu, lakini programu ikavuta kila noti kwenye mistari yake iliyonyooka. Marimba na mama mkubwa wakawa kama watu wawili wanaohamisha kitanda, mmoja ana haraka. Mdogo wangu akaizuia isivute, bado mistari ilikwenda njia yake na wimbo njia yake. Akaamua kuikata sauti vipande na kuinyoosha.

"Sasa anaimba kama anasoma matangazo kanisani," alisema kitinda mimba. Hakuwa anacheka.

Ya kijivu ina sura ya fomu ya ofisini, na mdogo wangu aliifungua kwa uvivu. Akatafuta mpaka akakuta sehemu inayofanya kinyume: unacheza sauti iliyorekodiwa, unabonyeza kitufe kila jiwe linaposukumwa, nayo inachora mistari yake pale ulipobonyeza. Alijaribu mwenyewe, akashindwa. Kidole chake kimezoea kuhesabiwa.

"Nipe mimi," alisema kitinda mimba.

Naye alianza vibaya. Mama mkubwa akainuka, akasimama nyuma yake, akamwekea viganja mgongoni. Kila jiwe liliposukumwa kwenye spika, alimsukuma. Kidole kikashuka. Akamsukuma tena. Walikwenda hivyo mpaka mwisho, na mistari ikatokea kwenye kioo, mingine imebanana, mingine imeachana, kama mishono ya mtu anayejifunza. Mdogo wangu akapiga marimba upya. Kila noti ilitua pamoja na jiwe.

Kitinda mimba aliomba irudiwe. Ikarudiwa mpaka chai ikapoa kweli.

"Ya kijivu," nilisema.

"Ngoma zake mbaya, dada."

"Jiwe lipo."

Jioni mama mkubwa alipokuwa akifunga mzigo wake, alinikabidhi ule ungo.

"Mlinikatiza. Wimbo wa jiwe haukatwi uwele haujaisha. Anayeuchukua kabla ya hapo anadaiwa kusaga kilichobaki."

"Nani anadaiwa, mama mkubwa?"

"Aliyeupata wimbo."

"Nitasaga," alisema kitinda mimba. "Nipe tu siku."

Siku ya send-off aliingia na wimbo ule. Upande wa bwana harusi hawakujua waucheze vipi, mpaka bibi mmoja wa meza za nyuma alipoanza kusukuma mikono mbele na nyuma, na wenzake wakamfuata. Baada ya harusi, kitinda mimba akahamia Singida na mumewe.

Uwele uko kwenye ndoo yenye kifuniko, chini ya meza ya kompyuta, na jiwe liko pembeni yake. Hatusugulii miguu tena. Tukiishiwa unga kaka yake huitazama ile ndoo, nami humwambia si yetu. Mama mkubwa hupiga simu Jumapili. Namwamkia, anaitikia marahaba, anauliza habari za studio, za cherehani, za shemeji yetu. Halafu anauliza kama uwele umeshasagwa.

"Bado, mama mkubwa," namjibu.