Miguu Miwili ya Upande wa Ukutani

Seremala wa nyuma ya shule hujulikana kwa pua kabla ya macho. Kila anachotengeneza hukipaka mafuta ya mwarobaini anayokamua mwenyewe, na harufu yake, kama ya vitunguu saumu vilivyosahauliwa kabatini, humtangulia nyumbani kila jioni.

Mkewe ni mshonaji, na chumba cha kulala ndicho hichohicho cha cherehani. Walipohamia nyumba ile yenye nyufa sakafuni, mume alitaka kupaka kitanda chao. Mke akakataa katakata.

“Hiki alinichongea marehemu baba. Ukileta uvundo wako humu, nguo za wateja zitanuka.”

“Mchwa hawamjui marehemu, mama watoto.”

“Basi paka upande wako.”

Alikuwa anatania. Lakini mumewe si mtu wa mabishano. Akachukua brashi, akapaka miguu miwili ya upande wa ukutani anakolala yeye, akarudisha kopo lake. Mke alicheka mpaka akashika mbavu.

Msimu wa mvua ulipokwisha, alfajiri moja kilisikika kishindo. Mke yuko chini, mume bado juu anakoroma. Alipoamka alimkuta mkewe amekaa sakafuni, kipande cha mguu mkononi. Nje ganda, ndani udongo mtupu.

“Baba watoto, kitanda cha baba ndiyo basi tena?”

Seremala alipiga magoti, akagongagonga kwa mpini wa patasi, akipanda juu taratibu. Tupu. Tupu. Kisha mbao ikajibu, ko.

“Wameishia hapa. Ubavu uko mzima, na maua aliyochonga mzee hawajayagusa.”

Akakata miguu iliyoliwa, akaunga mingine ya mti mgumu. Ncha za chini akazisimamisha ndani ya kopo la mafuta zinywe mpaka zitosheke, maana mchwa huanzia huko. Alipogeuka kutafuta brashi, aliiona mkononi mwa mkewe.

“Nipake wapi?”

“Upande wako.”

“Acha utani wako. Napaka kote.”

Siku chache baadaye mteja alikuja kuchukua gauni, akalinusa.

“Mbona linanuka useremala?”

“Nimeolewa na seremala, dada,” alisema mshonaji, uzi mdomoni. “Ulitaka linuke nini? Lianike kidogo, harufu itatoka.”

Kule barazani mumewe aliinamia randa yake, akicheka kimyakimya.