Mgeni wa Kibanda cha Mbele

Kisiwa kizima kilimwita Karibu Tena, na jina alilopewa na mama yake nadhani hata yeye alishaanza kulisahau. Ndiye aliyepokea wageni wa ile hoteli ya vibanda vya nyasi. Aliwabebea mizigo kutoka kwenye boti, akawajazia ndoo za kuogea, akawaelekeza namna ya kutumia choo cha maranda ya mbao, na siku ya kuondoka akasimama ufukweni akipunga mkono: "Karibu tena!" Wapo waliofika wamenuna wakaondoka wanalia. Kazi aliijua, hilo hatumnyimi.

Alichokuwa hakijui ni namna ya kumleta mkewe. Mkewe, mshonaji wa nguo, mwanamke mwenye mdomo wake, alibaki ng'ambo miaka yote hiyo, na kila akipigiwa simu jibu lilikuwa moja: "Porini sihamii." Ila mwaka huu binti yao wa mwisho aliolewa, nyumba ikabaki kimya, mama wa watu akalegeza kamba. "Nakuja wiki moja," akasema. "Nikipapenda, nahamia na cherehani yangu. Nisipopapenda, unaacha kazi unarudi nyumbani, na habari za kisiwa sitaki kuzisikia tena."

Karibu Tena akakubali haraka haraka, halafu ndipo akaanza kufikiri alichokubali. Ile kazi aliipenda jamani. Na mkewe alimpenda zaidi. Sasa hapo ukate wapi?

Akamwomba bosi kibanda cha mbele, kile kinachotazama bahari, akapewa. Akafagia, akatandika, akaweka ua juu ya mto. Boti ilipofika, mkewe akashuka na kikapu chake, na bwana yule, kwa woga tu, akafanya kosa ambalo mume mwingine yeyote asingelifanya. Akaweka mkono kifuani, akainama, akaanza hotuba.

"Karibu sana kisiwani kwetu, mgeni wetu mpendwa. Hapa tunaishi na maumbile. Hatuna umeme, hatuna kelele, hatuna haraka..."

Mkewe akageuka nyuma kutazama anayeambiwa.

"Baba watoto, unaumwa?"

Akajikaza kisabuni, akamwongoza mpaka kibandani.

"Ukuta wa huku umeanguka lini?" mke akauliza.

"Haujaanguka. Haukujengwa, ili upepo upite. Na paa, kama unavyoona, ni la nyasi asilia."

"Asilia!" Kikapu kikatua chini. "Mimi nimezaliwa chini ya nyasi. Nimekua chini ya nyasi, mijusi ikinidondokea kwenye uji. Nimeshona sare za shule mpaka vidole vikaota sugu ili nipate bati. Leo unanisafirisha kutwa nzima uje unionyeshe nyasi?"

Akamwonyesha bafu, yaani ndoo iliyoning'inizwa mtini.

"Hiyo ndoo imetoboka."

"Imetobolewa makusudi."

"Na watu wanaokuja kuoga hapo, kwao wanajua walipo?"

Choo ndicho kilichomaliza kabisa. Mume alieleza kwa sauti ya chini kwamba ukishamaliza haja, unachota maranda kwenye debe unafukia.

"Kama paka?"

"Kama paka," akakiri kwa huzuni.

Hayo yote mke angeyameza. Kilichomkaba ni mume mwenyewe. Usiku alimtakia usingizi mwema mlangoni, kama mgeni, akaenda kulala kwake. Wakati wa chakula alisimama nyuma ya kiti chake, kitambaa mkononi, kama mlingoti. Mke akavuta kiti cha pili. "Kaa tule."

"Wafanyakazi hatukai na wageni," ikamtoka kabla hajafikiri.

Mke akaweka kijiko chini. Akaenda kulala na njaa, na mwanamke yule kuacha chakula, ujue mambo yameharibika. Siku ya tatu akatamka: "Boti ya kesho naondoka. Nilimfuata mume wangu, nimepewa mhudumu." Karibu Tena akaondoka na ndoo zake tupu huku roho inamuuma.

Mchana huo mvua ikashuka, mvua ya kweli, ikaingia kwa ule upande usio na ukuta, ikalowesha kitanda, mto na ua. Mke akanyakua kikapu, akakimbilia jikoni.

"Mume wangu analala wapi?" akamuuliza mpishi.

Mpishi akaonyesha kwa mwiko. "Hapo nyuma. Lakini alisema usipaone, anaona aibu."

Weee! Ungemwambia nini tena aende mbio zaidi? Akasukuma mlango. Chumba cha matofali, kidogo, kuta nne zimetimia. Mumewe ameketi kitandani, shati limelowa, na dirishani limening'inia pazia ambalo mke mwenyewe alimshonea kwa vipande vya nguo siku mume anaondoka nyumbani. Juu mvua ilikuwa inapiga kelele mpaka ikabidi wapaze sauti.

"Hilo ni bati?"

"Nisamehe mama watoto. Ni kachumba tu. Nilitaka ukae pazuri."

Mke hakumsikiliza, alikuwa anachezea komeo la mlango, anafunga, anafungua. Akabonyeza swichi ukutani. Taa ikawaka.

"Umeme?"

"Wa jua. Bosi ameuficha huku nyuma usiwaharibie wageni maumbile."

"Na choo?"

"Cha kuvuta maji. Cha wafanyakazi."

Mke akaketi karibu yake. "Baba watoto, siku zote hizi unanitesa kule mbele, na huku kuna bati?" Akacheka, akacheka mpaka akafuta machozi, na mengine hayakuwa ya kucheka. Akalishika lile pazia lililofifia, akalinyoosha mkunjo. "Cherehani itakaa hapa dirishani, kuna mwanga. Kitanda utafute kikubwa."

Mume alitaka kusema yote aliyokuwa nayo moyoni, lakini kinywa kilishazoea njia moja. Mkono ukapanda wenyewe kifuani.

"Karibu..."

"Thubutu umalizie!"

Akaishia hapo hapo.