Kijiti cha Bluu na Mwanga Usioonekana

Niliwahi kuusifu mwanga wa tochi iliyozimwa. Niliusifu kwa sauti, mbele ya darasa zima, nimeinua kidole kama mhubiri. Na sikuwa nimelewa.

Ilikuwa Kamina, wakati wa Zaire, niko mwaka wa tano wa sekondari, upande wa sayansi. Muhula wa kwanza nilikuwa nimeanguka fizikia. Baba, karani wa reli aliyependa kila jambo lipigwe muhuri, alitoa hukumu: nikianguka tena, ninaenda Luena kwa baba mdogo kujifunza kazi ya mikono. Luena si mwisho wa dunia, treni inafika. Lakini mimi nilikuwa mtu wa nyumbani. Nilipenda kitanda changu, bukari na sombe ya mama, yaani ugali na kisamvu, na redio ya baba niliyoisikiliza kupitia ukutani. Hata kwenda posta niliaga kama msafiri.

Basi mwalimu wetu wa fizikia, ambaye serikali ilitaka tumwite sitwayeni profesere, yaani raia mwalimu, mwenye abakosti, ile suti isiyovaliwa tai, iliyopauka mabegani, akatusomea gazeti la Kifaransa lisilo na jalada. Kuna leza, alisema, zinazotengenezwa kwa plastiki angavu iliyochanganywa na rangi na kufanywa nyembamba sana. Unaipiga kwa mwanga mkali. Rangi inaumeza ule mwanga, inatoa wa kwake, nao unakimbia ndani ya plastiki bila kuvuja pembeni, kama maji ndani ya bomba, mpaka utokee nchani. Na kuna rangi ambazo mwanga wake uko ng’ambo ya wekundu, jicho halioni. Atakayeleta kitu cha kuonyesha jinsi mwanga unavyosafiri ndani ya plastiki, hata kidogo, ataongezewa alama.

Katika maneno yote hayo, mimi nilibaki na mawili tu: jicho halioni. Nikajiambia, hii njo kazi yangu.

Nikavunja desturi, nikatoka nyumbani, nikapanda baiskeli hadi Base, walikoishi wanajeshi. Kule wake zao waliuza vipande vya pleksi, ile plastiki kama kioo ya madirisha ya ndege zilizokufa. Watu wa mjini waliichonga pete na vitana. Muuzaji wangu, mama mnene aliyetoka upande wanakosema Lingala, alinitazama juu mpaka chini.

“Unamutafutia muchumba pete?”

“Hapana, mama. Ni ya masomo.”

“Ya masomo! Basi kamata hii yenye kukwaruzika. Masomo haichague.”

Akaniuzia vipande viwili na kichupa cha dawa ya kufuta rangi ya kucha. Nyumbani nilikikatakata kipande kimoja, nikakiloweka katika dawa ile mpaka kikawa uji, nikatia bluu ya metileni, ile ambayo mama alitupaka kooni tukiumwa. Nikamimina kwenye mwanzi uliopasuliwa, nikaanika. Siku ya nne nilipata kijiti cha bluu chenye mapovu. Vidole vyangu bluu, beseni la mama bluu, na bata wetu mmoja bluu, ambaye mpaka leo sijui aliingiaje katika mambo ya fizikia.

“Sasa ile kitu inafanya nini?” mama aliuliza.

“Inatoa mwanga.”

“Iko wapi?”

“Hauonekane, mama.”

Akalitazama beseni lake. “Bluu njo inaonekana.”

Siku ya darasa mwalimu alinishikia tochi kwenye ncha moja ya kijiti, mchana kweupe, nami nikawageukia wenzangu kueleza. Mwanga unatokea hapa, nikasema, umenyooka kama rula, una nguvu, tafadhali msiweke jicho. Wa mbele wakarudisha madawati nyuma. Heshima kama ile sijaipata tena. Nyuma yangu mwalimu alizima tochi, akaitia mfukoni.

“Na sasa?”

“Sasa, sitwayeni profesere, njo iko kali zaidi.”

Walicheka mpaka darasa la jirani likaja kuchungulia. Mwalimu hakucheka. Aliniomba kile kipande cha pili, kilichochungulia mfukoni mwangu, nilichokuja nacho bila sababu, akauelekeza ukingo wake mmoja kwenye jua la dirishani. Ukingo wa pili ukawaka mstari mweupe, mwembamba, na katikati pleksi ikabaki kama haina kitu ndani.

“Muangalie. Mwanga inapita ndani, inatokea huku. Hii njo ilikuwa kazi. Alikuwa nayo mufukoni.”

Nimesahau karibu fizikia yote, lakini mstari ule ninauona hata sasa, pamoja na vumbi la chaki likielea juani, na filimbi ya treni ya mchana kutoka stesheni. Alinipa alama chache, za kukibeba tu kipande kile.

Hazikutosha. Nilikosa mbili tu ili nifaulu. Jioni ile baba aliketi uani, akamwandikia baba mdogo barua ndefu, mama akanikunjia nguo. Nilikwisha kuanza kukiaga kitanda.

Barua haikufika posta. Jirani yetu, mke wa fundi wa injini na mzaliwa wa Luena, alikuja kuomba makaa ya moto, akauliza tuna msiba gani. Baba akamsimulia yote, tochi na bata, hakuacha kitu. Yule mama akanitazama vidole, akamgeukia baba:

“Baba, ule mutoto mumuache tu hapa. Luena kuko bandugu yangu, na habakunikosea kitu.”