Mama Sikio na Milio Mitatu ya Upande wa Pili

Saa tatu asubuhi. Taa nyekundu iliyo juu ya mlango wa chumba cha kusikilizia inawaka, na ikiwaka hivyo hakuna mtu wa kugonga, hata kama amekuja kuomba ruhusa ya kwenda kuzaa. Ndani, mwanamke wa miaka hamsini na minne ameketi mbele ya mashine ya kupigia santuri. Hedifoni bado zinaning'inia shingoni. Anafuta viganja vyake kwenye gauni la kazi, anavitazama, anavifuta tena.

Mezani kuna santuri nne ndani ya majalada meupe, lebo zote zimefunikwa kwa karatasi. Nyuma yake amesimama bosi wa kiwanda, mikono kifuani. Mlangoni amejibanza mwendesha mashine ambaye kila mtu humwita Mvuke, kwa sababu ya mashine yake ya mvuke na pia kwa sababu ya hasira zake za haraka.

"Usiwe na haraka, mama," anasema bosi, huku akiangalia saa yake.

Kazi ya mwanamke huyu ni kusikiliza. Muziki wenyewe haumhusu sana. Yeye hulipwa kusikia ubaya wake. Kiwanda hiki cha wafanyakazi ishirini na watatu kinakandamiza santuri, zile sahani nyeusi ambazo wengi wetu tulidhani tumeshazizika zamani, na sasa zimerudi na vijana wanazigombania. Kabla mashine hazijaanza kutoa mamia, hutolewa chache za majaribio, naye huzisikiliza mwanzo hadi mwisho akitafuta mkwaruzo, mlio au mtetemo. Akikubali, kazi inaanza. Akikataa, kiwanda chote kinasimama. Ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na saba, na jina lake la kuzaliwa limeshasahaulika hapa. Ni Mama Sikio.

Leo anayepimwa ni Mama Sikio mwenyewe. Baadhi ya santuri zilizo mezani zina mlio mbaya, nyingine hazina, naye anatakiwa aseme ni zipi. Akishindwa, kesho atahamia kufungasha maboksi, na chumba hiki kimya atapewa mtu mwingine.

"Hata chai imenishinda," alimwambia mwandishi wa makala haya mapema asubuhi.

Balaa hili lilimjia kupitia albamu anayoipenda kuliko zote duniani. Ni ya bendi ya muziki wa roki ya zamani, iliyotoka yeye akiwa na miaka tisa. Wapenzi wake huiita Kiti Chekundu, kwa sababu ya picha ya jalada: kiti chekundu kimoja katikati ya chumba kitupu. Mama yake, fundi cherehani, aliinunua siku aliyotumwa kununua viatu vya mumewe. Baba alinuna wiki nzima, na viatu vyake vilivyotoboka.

Kwenye wimbo wa mwisho wa upande wa pili, magitaa yote hunyamaza, ikabaki sauti ya mwimbaji peke yake, polepole, kama mtu anayezungumza na dirisha. Chini ya sauti hiyo kuna mlio mdogo. Tik. Unapotea, unarudi. Tik. Kisha wa tatu, basi.

Mama Sikio, wakati huo mtoto, aliamini ni mpiga dramu, anagonga kijiti ukingoni mwa ngoma taratibu ili asimsumbue mwenzake. Naye akawa anagonga kijiko mezani pamoja naye. Mama yake, ambaye nyumbani wote humwita Bi Mkubwa, wimbo ukifika hapo alikuwa anainua mguu kutoka kwenye pedali ya cherehani, anatabasamu, anasubiri milio ile mitatu ipite, halafu anaendelea kushona.

"Mimi wimbo ule nimeula," anasema Mama Sikio. "Umo mwilini, kama maziwa."

Miezi miwili iliyopita, Kiti Chekundu ikaletwa kiwandani ili itolewe upya, sauti ikiwa imesafishwa. Kanda za awali zilikuwa zimegandana kwa unyevu, kwa hiyo mafundi wa sauti walikusanya santuri za toleo la kwanza, wakachukua muziki humo na kuondoa mkwaruzo mmoja mmoja. Mama Sikio alipoambiwa inakuja mikononi mwake, alipika chakula cha wageni ingawa hapakuwa na mgeni.

Aliisikiliza santuri ya majaribio mwanzo hadi mwisho. Akalia kidogo. Akasema ipite.

Mashine zikatoa santuri mia nane.

Aliyegundua ni Mvuke, mtu asiyeupenda muziki wa roki hata kwa dawa. "Kelele za watu waliokosa usingizi," ndivyo anavyouita. Kila baada ya muda huchukua santuri moja kwenye rundo akaiweka ili kuhakikisha mashine yake haijaanza ukorofi. Siku hiyo hakuwa akifuata wimbo, alikuwa ameitolea macho tu sahani inavyozunguka.

"Nikaona nyota iliyochorwa kwenye lebo ikigeukia mlangoni, tik. Ikazunguka, ikarudi mlangoni, tik," anasimulia. "Nikajiuliza, hivi mpiga dramu gani huyu anayepiga kwa kufuata lebo?"

Alimwendea Mama Sikio kwanza, kwa heshima. Hakupokewa vizuri.

"Nilimwambia akasafishe sindano yake," Mama Sikio anakumbuka. "Nikamwambia na masikio yake ayasafishe pia. Mdogo wangu wa watu, nilimtukana bure."

Bosi akampigia simu mpiga dramu mwenyewe, ambaye ndiye pekee aliyebaki hai katika bendi ile. Mzee hakusita hata kidogo. Alisema pale alikuwa ameweka vijiti chini anakunywa maji, na mlio ule umemkera miaka arobaini na mitano. "Utoeni," alisema, "nife nimetulia."

Hapo ndipo ukweli ulipojulikana. Chuma kilichokandamizia santuri za toleo la kwanza kilikuwa na kidoa, na kidoa hicho kiliacha alama kwenye kila nakala. Mlio ulitokea sindano ilipopita hapo, na kwa bahati mbaya mzunguko wa sahani ulilingana na mwendo wa wimbo. Mafundi wa sauti nao waliusikia, wakadhani ni dramu, wakauacha. Kosa lilikuwa na wenyewe wengi, lakini sikio la mwisho lilikuwa lake.

Santuri zote mia nane zikapelekwa kusagwa, na mafundi wakauondoa mlio ule ili albamu itolewe upya. Mama Sikio alisimama pale mpaka ya mwisho. Aliona aibu hata kwenda kula na wenzake, na kwa wiki nzima alikula chakula chake cha mchana amesimama boharini.

Kisha bosi akamtuma kupimwa masikio. Daktari alimweleza kwamba sikio la kushoto limeanza kupoteza sauti nyembamba za juu, akaongeza kuwa kwa umri wake ni kawaida.

"Kawaida kwa nani?" anauliza, na sauti inampanda. "Kwa muuza nyanya, sawa. Mimi mwenzio, masikio ndiyo jembe langu."

Ana sababu ya kuogopa. Bi Mkubwa, ambaye sasa ana miaka sabini na tisa na anaishi naye, alianza kupoteza usikivu akiwa na miaka hamsini na mitano. Ilianza kwa kutosikia hodi. Baadaye ikawa redio, kisha mvua juu ya bati, na sasa karibu hasikii chochote. Mama Sikio amebakiza miezi saba kuufikia umri huo, na mshahara wake ndio unaolipa kodi ya nyumba ya vyumba viwili wanayoishi.

Tangu siku ya majibu, hana raha. Asubuhi hufungua bomba kidogo, akageuza kichwa huku na huku kulinganisha masikio. Njiani husugua vidole karibu na sikio la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto tena. "Watu wanadhani nafukuza nzi," anasema. Mtu akibisha hodi nyumbani naye akamsikia, hufurahi hata kama ni jirani mmbea.

Na kuna swali moja linalomla zaidi ya majibu ya daktari. Je, siku ile masikio yalishindwa kuusikia mlio, au yaliusikia vizuri, moyo ukasema achana nao, huo ni wa kwetu?

Ndiyo maana leo yupo hapa na santuri nne.

Anavaa hedifoni. Anaweka ya kwanza, anashusha sindano kwenye wimbo wa mwisho. Sauti ya mwimbaji inabaki peke yake, naye anafumba macho. Anaitoa. Anaweka ya pili, ya tatu, ya nne. Kijasho chembamba kimeanza kumtoka juu ya mdomo.

"Nasikia kwenye zote," anasema hatimaye.

Mvuke anatazama chini.

"Zote nne?" anauliza bosi.

"Zote nne."

"Mama, si zote zenye huo mlio."

"Najua, bosi. Hapo ndipo nilipokwama."

Bosi anakuna shingo. Si mtu mbaya. Anaonekana kama anayetafuta maneno ya kumwambia shangazi yake habari mbaya. Mama Sikio anasugua vidole karibu na sikio la kushoto. Kisha mkono wake unakwenda kwenye swichi ya kasi.

"Naomba nizipige kwa mwendo wa santuri ndogo."

Santuri ndogo za wimbo mmoja huzunguka kwa kasi zaidi kuliko hizi kubwa. Ukiiweka kubwa kwa mwendo huo, muziki unakimbia kama umefukuzwa na mbwa.

"Nani atasikiliza hivyo nyumbani kwake?" bosi anahoji.

"Hakuna. Lakini kwa mwendo wake wa kawaida, wimbo huu ni wa mama yangu. Kila nikiufikia pale, naipata ile milio hata kama haipo. Nikiukimbiza hautakuwa wa mtu yeyote. Nitausikia ulivyo."

"Mwache dada ajaribu, bosi," Mvuke anadakia kutoka mlangoni. "Kelele ni kelele tu, kwa mwendo wowote."

Bosi anatikisa kichwa kukubali.

Mwimbaji mwenye sauti nzito anageuka kifaranga. Mvuke, aliyesogea kwenye spika ndogo ya pembeni, anaziba mdomo asicheke. Mama Sikio hacheki. Santuri ya kwanza: anasikiliza, anarudisha sindano, anasikiliza tena, anaiweka kando. Ya pili: kando. Anapoifikia ya tatu, mgongo wake unanyooka ghafla. Ya nne anaisikiliza mara tatu, maana roho haijamtulia.

"Ya tatu," anasema. "Ya tatu peke yake."

Bosi anabandua karatasi kwenye lebo ya santuri ya tatu polepole, kama mtu anayefungua kidonda. Anaisoma. Anaiweka kwapani.

"Hii ni ile ya majaribio uliyoipitisha, ndiyo pekee niliyoiacha isisagwe," anasema. "Kesho kuna kazi ya kwaya. Uje umeshakunywa chai."

Mama Sikio anavua hedifoni na kuziweka mezani. Mvuke anatoka kumletea maji, naye anapiga kelele huko koridoni kwamba watu wapishe njia.

Ushindi wenyewe umekuja na masharti. Kuanzia sasa, albamu yoyote ambayo Mama Sikio aliipenda kabla ya kuajiriwa itasikilizwa kwanza na mtu asiyeijua. Mvuke amejitolea kwa upande wa roki, kwa kuwa haipendi hata moja. Na kila baada ya miezi sita atarudi kwa daktari wa masikio.

"Siku moja ataniambia imetosha," anasema. "Hilo linanitisha, sitakudanganya. Ombi langu ni moja, nilitambue mimi kabla yake, niondoke na heshima yangu."

Ana matumaini ya kuifikisha kazi hii hadi miaka sitini. Ila mpango alionao wa karibu hauhitaji ruhusa ya daktari wala bosi. Anataka kila Jumapili alasiri akae na mama yake, aweke santuri moja, aisikilize bila kuwinda kitu.

"Miaka kumi na saba nasikiliza kama askari," anasema. "Hii moja tu niliisikiliza kama binadamu, na ndiyo iliyoniponza."

Jumapili imefika. Bosi amempa nakala moja ya Kiti Chekundu mpya, iliyo safi, na inapigwa kwa mwendo wake halali. Bi Mkubwa ameketi karibu na cherehani yake iliyofunikwa shuka. Muziki haumfikii, anamsikiliza binti yake kwa macho.

Upande wa pili unafika mwisho. Magitaa yananyamaza, sauti inabaki peke yake, na chini yake hakuna kitu. Ni kimya safi, alivyotaka yule mzee wa dramu.

Juu ya meza, kidole cha Mama Sikio kinagonga mara moja. Kinatulia, kinagonga tena. Kisha mara ya tatu. Yeye mwenyewe hana habari, macho yake yako dirishani.

Bi Mkubwa amekiona. Anatabasamu.

"Bado anagonga vizuri yule kijana," anasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiosikia.

Mama Sikio anashtuka, anakitazama kidole chake. Anageuka kumkabili mama yake na kutamka polepole, ili midomo isomeke.

"Bado, mama. Anagonga vizuri."